Nakala na Asili: Kuisoma Historia ya Kanisa la Afrika la Karne za Kati kwa Njia ya Mtandao

Utangulizi

Mnamo mwaka 1534 shemasi mmoja kutoka Ethiopia, jina lake Mikaeli, alifika Wittenberg na kuonana na Daktari Martin Luther. Wawili hao walizungumza juu ya imani katika Mungu wa Utatu na juu ya ibada ya Meza ya Bwana, na Luther akaridhika kwamba Kanisa la mgeni wake lilikiri imani ile ile aliyoikiri yeye. Mikaeli alipoondoka alipewa barua ya kumtambulisha, yenye tarehe 4 Julai ya mwaka huo. Kwa Luther, kuwapo kwa Kanisa la kale katika Afrika, lisilotawaliwa na Papa, halikuwa jambo dogo. Lilikuwa ushahidi kwamba Kanisa la Kristo ni pana kuliko mamlaka ya Roma.

Tunaanza na habari hii kwa kuwa ina somo kwetu sisi tunaojiita wana wa Matengenezo. Katika mafundisho yetu ya historia ya Kanisa, mara nyingi mwanafunzi huachwa kwenye kaburi la Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, kisha hupokewa tena kwenye pwani ya Mombasa, alipofika Johann Ludwig Krapf mwaka 1844. Kati ya hao wawili kuna miaka zaidi ya 1,400, na kwa miaka hiyo yote Afrika hunyamazishwa, isipokuwa kwa sentensi mbili tatu juu ya Wakopti na Waethiopia. Mwanafunzi anayefundishwa hivyo hawezi kulaumiwa akihitimu na wazo kwamba Ukristo katika bara hili ni mgeni aliyewasili juzi kwa meli. Naye mchungaji mwenye wazo hilo atajibu nini kijana wa usharika wake atakapomwambia kwamba dini hii ni ya Wazungu?

Kwa muda mrefu walimu walikuwa na udhuru, tena udhuru wa kweli. Vyanzo vilikuwa mbali: miswada imefungiwa katika nyumba za watawa milimani au katika maktaba za Ulaya, picha za kanisani zimefukiwa mchangani au kuwekwa katika majumba ya makumbusho, na orodha za kuvieleza zimeandikwa kwa Kilatini na kupigwa chapa katika nakala chache. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba udhuru huo umekwisha nguvu. Vyanzo vingi vya historia ya sanaa, vya akiolojia na vya elimu ya Karne za Kati vinavyohusu Kanisa la Afrika sasa vyaweza kuonekana kwa njia ya mtandao wa kompyuta. Lakini tutaonyesha pia kwamba kuona si kusoma, na kwamba nakala ina mipaka yake, ambayo mwanafunzi asipoifahamu atapotea akidhani ameongozwa.

1. Jinsi ushahidi ulivyotawanyika

Ili kuelewa thamani ya yale yaliyomo mtandaoni, yatupasa kwanza kukumbuka jinsi ushahidi wenyewe ulivyotawanyika. Tuchukue mifano miwili, mmoja wa vitabu na mwingine wa picha.

Ethiopia ilikuwa na desturi ndefu ya kunakili vitabu juu ya ngozi kwa lugha ya Kigeez, ambayo hata leo ni lugha ya ibada. Wageni wa Ulaya walivitamani vitabu hivyo tangu zamani. Msafiri Mskoti James Bruce alirudi kwao katika miaka ya 1770 akiwa na nakala za Kitabu cha Henoko, ambacho kwa ukamilifu wake kimehifadhiwa katika Kigeez peke yake. Krapf yule yule tunayemfahamu kwa kazi yake ya Kiswahili alitumika kwanza Ethiopia, kuanzia mwaka 1837 hadi 1842, na miswada aliyoikusanya huko ilipelekwa Tübingen, katika nchi yake ya Württemberg. Hapo Tübingen ndipo August Dillmann alipojifunza Kigeez kwa mwalimu wake Heinrich Ewald. Dillmann alitoa chapa ya Kitabu cha Henoko mwaka 1851, na mwaka 1865 alitoa kamusi kubwa ya Kigeez kwa Kilatini, ambayo wataalamu bado wanaitumia. Kwa hiyo mtu anayeuliza ni nini kinachounganisha pwani yetu na elimu ya Kigeez hana budi kutambua kwamba jina la Krapf limo katika habari zote mbili.

Lakini si vitabu vyote vilivyotoka kwa kununuliwa au kupewa. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza, likiongozwa na Robert Napier, liliiteka ngome ya Maqdala, naye Mfalme Tewodros akajiua. Mfalme huyo alikuwa amekusanya miswada mingi kutoka makanisa ya Gondar kwa ajili ya kanisa alilokusudia kulijenga. Ngome iliporwa, na miswada ipatayo 350 iliishia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Leo imo katika Maktaba ya Uingereza. William Wright alitoa orodha yake mwaka 1877, na orodha hiyo ni kazi ya elimu ya hali ya juu. Lakini kasisi wa Gondar aliyetaka kusoma kitabu cha kanisa lake mwenyewe ilimbidi avuke bahari.

Mfano wa pili ni Nubia, nchi iliyo kando ya Mto Nile, ambayo leo imegawanyika baina ya Misri ya kusini na Sudani ya kaskazini. Falme za Wanubia zilipokea Injili katika karne ya 6, wakati wa Kaisari Justiniani na mkewe Theodora, na Ukristo ukadumu huko kwa karibu miaka 900. Wanubia waliandika kwa Kiyunani, kwa Kikopti na kwa lugha yao wenyewe, Kinubia cha kale. Bwawa kubwa la Aswan lilipopangwa, UNESCO iliita mataifa mwaka 1960 yaje kuokoa mambo ya kale kabla maji hayajayafunika. Mahali paitwapo Faras, wataalamu wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walichimba kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, wakakuta kanisa kuu lililojaa mchanga hadi juu. Mchanga ule ulikuwa umehifadhi kutani picha za malaika, watakatifu, wafalme na maaskofu. Picha zaidi ya 120 zilibanduliwa ukutani kwa kugandishiwa karatasi nyembamba kwa nta na utomvu wa msonobari, kisha zikagawanywa: zaidi ya 60 zilikwenda katika Jumba la Taifa la Makumbusho mjini Warsaw, na nyingine zikabaki katika Jumba la Taifa la Makumbusho mjini Khartoum. Faras yenyewe iko chini ya maji.

Basi, tazama hali ya mambo. Kanisa moja, lakini kuta zake zimo katika miji miwili, na msingi wake umo chini ya ziwa. Nyumba moja ya vitabu, lakini vitabu vyenyewe vimo London. Mtafiti wa zamani alihitaji nauli, ruhusa na miaka ya kusafiri kabla hajaweza kulinganisha kitu kimoja na kingine.

2. Jinsi nakala zilivyokusanywa

Kazi ya kukusanya nakala haikuanza na kompyuta. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyumba ya watawa ya Monte Cassino nchini Italia iliangamizwa kwa mabomu. Watawa wa Kibenedikto wa Collegeville, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, waliliona hilo kuwa onyo, na mwaka 1965 walianza kupiga picha miswada ya nyumba za watawa za Austria katika filamu ndogo, ili vita ikija tena asili isipotee pamoja na maandishi yake.

Mwaka 1973 kazi hiyo ilifika Ethiopia, kwa ushirikiano na Kanisa la Kiorthodoksi la huko na serikali. Hapakuwa na hatua iliyofika kwa wakati wake kuliko hiyo, kwa maana mwaka uliofuata Mfalme Haile Selassie alipinduliwa na nchi ikaingia katika miaka ya machafuko. Hata hivyo kazi iliendelea, na miswada ipatayo 9,000 ikapigwa picha kutoka makanisa, nyumba za watawa na kwa watu binafsi.

Hapa hatuna budi kumtaja mtu mmoja, Getatchew Haile. Mwethiopia huyu, aliyezaliwa mwaka 1931, alisoma theolojia Cairo na kupata shahada ya udaktari Tübingen, mji ule ule wa Ewald na Dillmann. Mwaka 1975, chini ya utawala wa kijeshi, askari walikuja kumkamata. Alipigwa risasi, na tangu siku hiyo hakuweza kutembea tena. Mwaka 1976 alifika Collegeville, na hapo, akiwa katika kiti cha magurudumu, mbali na nchi ambayo filamu zile zilitoka, alitumia miaka mingi kusoma mswada baada ya mswada na kuandika yaliyomo. Alifariki mwaka 2021. Juzuu za orodha alizoziandaa, baadhi akishirikiana na William Macomber, ndizo zilizoufanya mkusanyo ule kuwa kitu cha kutumika. Pasipo orodha, picha za miswada elfu tisa ni sawa na ghala lisilo na taa.

Matunda yalionekana. Miongoni mwa filamu hizo zilipatikana nakala za Kitabu cha Henoko zilizo za kale kuliko zile alizozitumia Dillmann mwaka 1851, hata wafasiri waliokuja baadaye wakalazimika kuyapima upya maandishi ya kitabu ambacho Waraka wa Yuda unakitaja. Msomaji wa Agano Jipya asidhani, basi, kwamba habari hizi ni za wapenzi wa mambo ya kale tu.

3. Milango iliyo wazi

Ni milango gani iliyo wazi leo kwa mwanafunzi mwenye kompyuta, au hata simu, na mtandao wa kutegemewa? Tutaje michache, tukieleza kila mmoja unafaa kwa kazi gani.

Kwanza, maktaba ya Collegeville iliyotajwa hapo juu ilifungua mwaka 2015 chumba chake cha kusomea cha mtandaoni, kiitwacho vHMML. Mtu hujiandikisha bila malipo, kisha aweza kufungua miswada ya Kigeez, ya Kisiria, ya Kiarabu na ya lugha nyingine ukurasa kwa ukurasa. Humo pia mna masomo ya kumfundisha anayeanza kusoma hati za kale.

Pili, Chuo Kikuu cha Hamburg, Ujerumani, kinaendesha mkusanyo uitwao Beta maṣāḥǝft, maana yake nyumba ya vitabu. Kazi yake hasa ni maelezo: kitabu fulani kimenakiliwa na nani, wapi, lini, na nakala nyingine ziko wapi. Hamburg imeitia mtandaoni kamusi ya Dillmann pia, hata neno ambalo zamani lilitafutwa kwa kupekua juzuu kubwa sasa hutafutwa kwa dakika moja.

Tatu, kwa historia ya sanaa kuna Fahirisi ya Sanaa ya Karne za Kati ya Chuo Kikuu cha Princeton, iliyoanzishwa na Charles Rufus Morey mwaka 1917 kwa kadi za karatasi. Humo picha hupangwa kwa mambo yaliyochorwa: anayetafuta jinsi vijana watatu katika tanuru ya moto walivyochorwa aweza kulinganisha nchi na nchi, karne na karne. Kwa miaka mingi fahirisi hii ya mtandaoni ilitumiwa kwa malipo. Tangu Julai 2023 iko wazi kwa wote.

Nne, kwa maandishi ya Karne za Kati yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, kuna mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Fordham, New York, ulioanzishwa na Paul Halsall mwaka 1996. Wengi wameanzia hapo. Lakini tafsiri zake nyingi ni za zamani, kwa kuwa ndizo ambazo haki zake za kunakili zilikuwa zimekwisha. Mwanafunzi na aitazame tarehe ya tafsiri kabla hajainukuu.

Tano, kwa makala za wataalamu kuna JSTOR, hazina ya majarida iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo tangu mwaka 2006 imeziondolea ada taasisi za elimu za Afrika zisizo za kibiashara. Vyuo vyetu vingi vinastahili kunufaika. Kinachohitajika ni mkutubi wa kuandika maombi.

Sita, orodha za zamani kama ile ya Wright ya mwaka 1877 zimepigwa picha na kuwekwa katika hazina ya Internet Archive. Kitabu ambacho hakikuwahi kufika katika maktaba ya chuo chochote cha jirani kinasomwa sasa bwenini.

4. Mambo ambayo picha haiwezi kutuambia

Baada ya kuyasema hayo kwa furaha, yatupasa kusema na mengine kwa uangalifu. Kilicho mtandaoni ni nakala. Nakala nzuri huonyesha herufi na rangi. Lakini mambo mengine ya lazima hayaonekani katika picha, na hatari ni kwamba picha, kwa uzuri wake, humsahaulisha msomaji kwamba kuna kitu kimepungua.

Mfano ulio wazi ni Injili za Abba Garima. Katika nyumba ya watawa ya jina hilo, karibu na Adwa katika Tigray, mna vitabu vya Injili vya Kigeez vyenye picha za Wainjilisti na nguzo za kupambwa. Wataalamu wa sanaa walipozitazama picha zake katika karne ya 20, wengi walivikadiria kuwa vya karne ya 10 au 11 au baadaye, kwa kulinganisha namna ya uchoraji. Ndipo vipande vidogo sana vya ngozi vilipopimwa Oxford kwa kaboni, na matokeo yakaonyesha kwamba ngozi ile ni ya kati ya mwaka 330 na 650. Hivyo vitabu vilivyodhaniwa kuwa vya Karne za Kati vilionekana kuwa miongoni mwa vitabu vya Injili vyenye picha vilivyo vya kale kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Tofauti ni ya miaka mia nne au zaidi, na hakuna picha, hata iwe angavu namna gani, ambayo ingeweza kuiamua. Ilihitajika ngozi yenyewe. Tena ilihitajika uaminifu wa watawa waliovitunza vitabu hivyo nyumbani kwao kwa karne nyingi, bila kuviuza wala kuvipoteza.

Mfano wa pili watoka Faras. Picha mashuhuri kuliko zote za huko ni ile ya Mtakatifu Ana, mama yake Mariamu, akiwa ameweka kidole midomoni, kwa macho makubwa yenye utulivu. Iko Warsaw, na nakala zake zimeenea kila mahali. Mtu akiiona kwenye kioo cha kompyuta humwona mwanamke peke yake katika rangi ya zambarau. Lakini picha hiyo ilikuwa ukutani upande wa kaskazini wa kanisa, penye picha nyingine za watakatifu wanawake, na kwa sababu hiyo wataalamu wamefikiri juu ya sala za wanawake mahali pale. Kidole kile ni ishara ya kunyamaza au ya kusali kimya? Swali hilo halijibiwi kwa picha moja iliyokatwa pembeni. Hujibiwa, kama laweza kujibiwa, kwa kuirudisha picha katika nyumba yake, kati ya jirani zake, juu ya ramani ya wachimbaji. Hivyo ndivyo akiolojia inavyoisaidia historia ya sanaa: inamwuliza mtazamaji, kitu hiki kilikuwa wapi, na kando yake kulikuwa na nini?

Mfano wa tatu ni wa maandishi. Mwaka 1964, wachimbaji wa Qasr Ibrim, kaskazini ya Faras, walikuta askofu amezikwa pamoja na magombo mawili marefu, moja la Kikopti na lingine la Kiarabu. Ni hati za kuwekwa kwake wakfu. Jina lake ni Timotheo, na mwaka ni 1372. Wakati huo chumba cha enzi cha wafalme wa Nubia huko Dongola kilikuwa kimekwisha kugeuzwa msikiti, mwaka 1317. Yaani miaka hamsini na mitano baadaye bado palikuwa na waumini waliohitaji askofu, na palikuwa na mtu aliyekubali kwenda. Anayetafuta mtandaoni kwa maneno ya kuanguka kwa Nubia ataletewa mwaka 1317 upesi. Timotheo hatamwona mpaka ajue kuuliza habari za maaskofu, za Qasr Ibrim na za hati za Kikopti. Mashine hujibu swali tuliloliuliza. Halitupatii swali ambalo hatukulifikiri.

5. Nakala, mali na vita

Laiti mambo yangeishia katika elimu! Lakini iko habari ya haki pia. Inapoitwa sherehe ya kutia miswada ya Maqdala mtandaoni, Mkristo wa Ethiopia aweza kuuliza: je, mimi nimepewa picha ili asili ibaki London? Wapo wanaojibu kwamba maktaba kubwa zinatunza vema, na kwamba picha zimekwisha kumpa kila mtu anachokihitaji. Jibu hilo halitoshi. Kitabu cha Injili katika Kanisa la Ethiopia hubusiwa, hubebwa katika maandamano, na husomwa kwa sauti mbele ya watu. Hakikuandikwa ili kitazamwe tu. Picha humtosha mtafiti, lakini haiwatoshi waumini waliopokonywa kitabu chao. Wanaofurahia kufunguliwa kwa milango hii wasilitumie jambo jema la picha kulifunika swali la kurudisha.

Wakati huo huo, haifai kujidanganya kwamba asili iko salama ikiwa Afrika au ikiwa Ulaya. Vita iliyoanza Tigray Novemba 2020 ilileta maafa kwa watu, na makanisa na nyumba za watawa havikusalimika. Vita iliyoanza Sudani Aprili 2023 ililifikia Jumba la Taifa la Makumbusho la Khartoum, nyumba ya sehemu ile nyingine ya Faras. Jumba hilo liliporwa. Na London, mwezi wa Oktoba 2023, wahalifu wa mtandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza, hata miswada yake iliyokuwa ikisomwa na dunia nzima ikatoweka mtandaoni kwa muda mrefu, ingawa ngozi zenyewe zilikuwa rafuni bila kuguswa. Hapa asili ilibaki na nakala ikapotea. Kule asili yaweza kupotea na nakala ikabaki. Fundisho la Monte Cassino ni lile lile: pasitegemewe mahali pamoja. Anayepata ruhusa ya kuhifadhi nakala kwa ajili ya masomo na aihifadhi chuoni, asitegemee kwamba ataikuta kesho alipoikuta leo.

Hitimisho

Tukirudi kwa shemasi Mikaeli, twaona kwamba Luther alikuwa na faida moja ambayo mwanafunzi wa kompyuta hana: alikuwa na Mwethiopia mbele yake, aliyeweza kumwuliza na kumsikiliza. Sisi tunazo kurasa maelfu, lakini kurasa hazisemi kwa wasiojua lugha yao. Hilo ndilo jambo kubwa tunalotaka kulisema. Upungufu wetu wa leo si wa vitabu tena. Ni wa wasomaji. Vyuo vyetu hufundisha Kiyunani na Kiebrania, na ni vema. Lakini ni vyuo vingapi vya Afrika Mashariki vilivyowahi kumtuma mwanafunzi hata mmoja akajifunze Kigeez, au Kikopti, au Kinubia cha kale? Mwana wa Württemberg alijifunza Kigeez kwa miswada iliyotoka jirani yetu. Sisi majirani twasoma habari zake katika tafsiri ya tafsiri.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, mtaala wa historia ya Kanisa uwe na muhula, au angalau majuma kadhaa, ya Aksum, Nubia na Ethiopia, na mwanafunzi apewe zoezi la kufungua mswada mmoja au picha moja mtandaoni na kujibu maswali haya: asili iko wapi, ilifikaje huko, nani aliyepiga picha, nani aliyekadiria tarehe na kwa njia gani, na ni nini kisichoonekana? La pili, kila chuo kiwe na mkutubi anayejua milango hii na kuwafundisha wengine. La tatu, dayosisi zikubaliane kumsomesha hata mtu mmoja katika lugha hizo, ili baada yake wawepo wengine.

Katika sura ya nane ya Matendo ya Mitume twasoma habari za towashi, waziri wa Kandake. Kandake ni cheo cha mamalkia wa Meroe, katika nchi ile ile ya Nile ambamo karne nyingi baadaye kanisa la Faras lilijengwa. Mtu huyo alikuwa tajiri wa kutosha kuwa na chuo cha nabii Isaya mkononi mwake, jambo ambalo wengi wa siku zake hawakuliweza. Alikuwa akisoma njiani, garini mwake. Filipo hakumletea kitabu, kwa maana kitabu alikuwa nacho. Alimwuliza kama anaelewa anachokisoma, akapanda, akaketi pamoja naye.

Chuo tunacho mkononi sasa. Kilichobaki ni kuwatayarisha watakaopanda na kuketi.